Chagua Kitabu Kwanza, Kifaa Baadaye: Mwongozo wa Kununua Vitabu vya Kidijitali

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu kutoka pande za Othaya alifika ofisini kwetu mjini Nyeri akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kisomaji, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, alichotumiwa na binti yake anayefanya kazi Marekani. Kilikuwa kipya, chembamba kuliko daftari la kurasa thelathini na mbili. Mwalimu alikitaka kwa mambo mawili. Mjukuu wake yuko kidato cha nne na alihitaji kitabu teule cha fasihi ya Kiswahili. Yeye mwenyewe alitamani kurudia vitabu vya Gĩkũyũ alivyovisoma ujanani, sasa kwa herufi kubwa kwa sababu macho yamechoka.

"Kijana wangu," akaniuliza, "duka lililo ndani ya hiki kitu lina vitabu vya dunia nzima. Vya kwetu viko wapi?"

"Mwalimu," nikamwambia, "kifaa chako ni kizima. Shida ni kwamba kilinunuliwa kabla ya kitabu kuchaguliwa."

Wakazi wengi hutuuliza swali linalofanana na hilo, hasa wazazi wanaotaka kujua kama inafaa kumnunulia mtoto kisomaji, tabuleti, au kumwachia tu simu. Serikali ya kaunti haiuzi vifaa hivi wala haimpigii debe muuzaji yeyote. Tunachoweza kufanya ni kueleza namna mambo haya yanavyofanya kazi, ili shilingi elfu kumi na kitu za mzazi zisiishie kwenye droo.

Faili, kufuli na duka

Kitabu cha kidijitali ni faili, kama ilivyo picha au wimbo kwenye simu. Faili hizo huja kwa miundo tofauti, na mitatu inatosha kuijua. Wa kwanza ni PDF. Huu huhifadhi ukurasa ulivyo: picha, jedwali na nambari ya ukurasa hubaki mahali pake. Wa pili ni EPUB, ambao maandishi yake hujipanga upya kulingana na ukubwa wa kioo. Ukikuza herufi, mistari hujigawa yenyewe bila kutoka nje ya ukurasa. Wa tatu ni miundo ya Amazon inayotumika kwenye visomaji vyake vya Kindle.

Juu ya muundo, maduka mengi huweka kufuli la kidijitali. Faili inaweza kuwa EPUB na bado ikakataa kufunguka kwenye kifaa kinachosoma EPUB, kwa kuwa ufunguo uko ndani ya programu ya duka lililoiuza. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kitabu ulichonunua Kindle hakifunguki kwenye Kobo, na cha Kobo chenye kufuli hakifunguki kwenye Kindle. Vilevile kitabu kilichonunuliwa kwa muuzaji wa Kenya anayetumia programu yake mwenyewe hakitaingia kwenye visomaji hivyo viwili, hata kama umelipa na risiti unayo.

Kwa hiyo ukinunua kisomaji, kwa kiasi kikubwa umechagua duka utakalonunua kwa miaka ijayo. Ni kama kununua jiko la gesi ambalo mtungi wake hujazwa kwa muuzaji mmoja tu. Jiko linaweza kuwa zuri sana, lakini kwanza ungeuliza kama muuzaji huyo yuko Karatina.

Je, kitabu ni chako?

Ukinunua kitabu cha karatasi pale mjini Nyeri, ni mali yako. Unaweza kumwazima jirani, kumpa mdogo wako akifika kidato hicho, au kukiuza kama mtumba. Familia nyingi hapa zimesomesha watoto wanne kwa nakala moja ya kitabu, jalada likiwa limeshonwa kwa uzi. Kitabu cha kidijitali chenye kufuli ni kitu kingine. Unacholipia ni leseni, yaani ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo imefungwa kwenye akaunti yako.

Tofauti hii imewahi kuwauma wasomaji. Julai 2009, Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye visomaji vya watu waliokuwa wamevilipia, baada ya kugundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Kimojawapo ni kile ambacho sisi tunakijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Pesa zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja wa shule ya upili aliyekuwa ameandika maelezo yake ya masomo ndani ya nakala hiyo alijikuta na maelezo yasiyo na kitabu, na suala hilo likafika mahakamani. Miaka 10 baadaye, 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Vitabu vilivyonunuliwa huko viliacha kufunguka Julai mwaka huo na wanunuzi wakarudishiwa fedha. Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wateja kupakua vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya.

Jimbo la California sasa lina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali aseme wazi pale anapouza leseni. Mnunuzi wa Nyeri halindwi na sheria ya California, lakini anaweza kujiuliza swali lile lile kabla ya kubonyeza kitufe: nikibadilisha simu, au duka hili likifungwa, kitabu changu kitakuwa wapi?

Simaanishi kwamba tuache kununua. Mimi hununua. Ila kitabu ninachotaka watoto wangu waje kukisoma, nakitafuta kwa karatasi au kwa faili isiyo na kufuli. Riwaya ya kusoma mara moja safarini, leseni inatosha.

Wapi pa kununua

Anza na jina la kitabu, halafu tafuta nani anakiuza. Kwa vitabu vya kiada na vya ziada vya wachapishaji wa Kenya, mahali pa kwanza pa kuangalia ni eKitabu, kampuni iliyoanzishwa hapa Kenya mwaka 2012. Inafanya kazi na wachapishaji wetu, na faida yake kubwa kwa mkazi wa kawaida ni kwamba bei iko kwa shilingi na M-Pesa inakubalika. Vitabu vyake husomwa kupitia programu yake kwenye simu, tabuleti au kompyuta. Kabla ya kulipa, hakikisha toleo ni lile ambalo mwalimu wa somo ametaja. Matoleo ya mtaala wa zamani bado yanazunguka, na jalada peke yake hudanganya.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ina jukwaa la Kenya Education Cloud lenye maudhui ya masomo. Ni vyema kulitembelea kabla hujatoa pesa popote, maana huenda unachotafuta kipo.

Amazon ndilo duka kubwa zaidi kwa vitabu vya Kiingereza. Bei zake ni za dola, na kodi inaweza kuongezwa mwishoni, kwa hiyo angalia jumla ya mwisho badala ya bei iliyo kando ya jalada. Utahitaji kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia M-PESA GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika mkononi ambayo Safaricom iliizindua mwaka 2022 na ambayo hutoa pesa moja kwa moja kwenye M-Pesa yako. Jambo moja huwachanganya watu: mwaka 2022 Amazon iliondoa ununuzi ndani ya programu ya Kindle ya simu za Android. Usipoona kitufe cha kununua, ingia dukani kwa kivinjari, nunua, kisha kitabu kitatokea kwenye programu. Kitabu ulichonunua kwa bahati mbaya kinaweza kurudishwa ndani ya siku 7 ikiwa hujakisoma sana. Pia pakua sampuli ya bure kwanza. Kurasa chache za mwanzo hutosha kujua kama kitabu kinakufaa.

Kobo, kampuni yenye makao yake Kanada, huuza vitabu na visomaji vyake. Kwa mtu anayependa uhuru ina sifa moja muhimu: visomaji vyake hupokea EPUB isiyo na kufuli kwa waya tu, bila kupitia mtandao. Kindle nayo hupokea EPUB siku hizi, lakini ni lazima uitume kupitia huduma ya Amazon ili igeuzwe, na isiwe na kufuli la duka lingine.

Kwa watoto wadogo msinunue kitu kabla ya kuona African Storybook. Ni hazina ya hadithi za picha iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ikiwa na hadithi kwa lugha nyingi za bara hili, Kiswahili na Gĩkũyũ zikiwemo. Hadithi ni za bure, na leseni yake ni wazi: mwalimu wa Mweiga anaweza kuichapisha hadithi na kuigawa darasani bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa wasomaji wakubwa wa Kiingereza, Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, ina makumi ya maelfu ya vitabu vya zamani bila malipo na bila kufuli.

Nakala za PDF za vitabu teule zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa shilingi hamsini au mia ni suala lingine. Nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, zenye kidole cha mpiga picha pembeni. Kurasa hukosekana na mtahini hatajali kwamba sura ya nane haikuwemo. Kuziuza ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mwandishi aliyekaa miaka miwili na kitabu hicho hapati hata senti, na wachapishaji nao huogopa kutoa matoleo ya kidijitali. Tukilalamika kwamba vitabu vyetu haviko kwenye visomaji, tukumbuke pia sababu hii.

Sasa kifaa

Simu uliyo nayo ndiyo ya kujaribu kwanza. Haina gharama mpya, na inaweza kubeba programu za maduka yote niliyotaja kwa pamoja, jambo ambalo Kindle wala Kobo haviwezi. Wasiwasi wa bando hauna msingi mkubwa kwa riwaya: kitabu cha maandishi matupu mara nyingi hakifiki ukubwa wa video fupi ya WhatsApp. Vitabu vya picha na vya sayansi ndivyo vizito. Hivyo vipakue ukiwa mahali penye Wi-Fi, na ukishavipakua utavisoma bila mtandao hata ukiwa bondeni Mukurwe-ini. Kasoro ya simu ni kioo kidogo, mwanga unaochosha macho usiku, na ujumbe unaoingia katikati ya sentensi. Ukimpa mtoto simu asome, zima data. Hiyo ndiyo siri yote.

Kisomaji chenye wino wa kielektroniki kimetengenezwa kwa njia tofauti kabisa. Ndani ya kioo chake kuna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme husukuma chembe hizo juu au chini kuunda herufi, kisha hutulia pale pale bila kuhitaji umeme zaidi. Nguvu hutumika hasa ukurasa unapogeuzwa. Ndiyo maana chaji moja hudumu wiki kadhaa, na kioo husomeka vizuri juani kama karatasi. Kwa mtu anayeishi mahali stima inapotea kila mvua kubwa inaponyesha, hiyo si anasa. Vingi vina taa ndogo ya mbele unayoweza kupunguza, kwa wale wanaosoma mwenzao akiwa amelala.

Lakini kifaa hiki kina mipaka, na wauzaji hawaitaji. Visomaji vingi vya bei ya chini vina kioo cha inchi 6. Kitabu cha kiada cha PDF kimepangwa kwa ukurasa wa A4, ambao kwa kupima kona hadi kona ni zaidi ya inchi 14. Kukisoma kwa inchi 6 ni mateso: unakuza, unasukuma kushoto, unasukuma kulia, na mchoro wa moyo wa binadamu umekatika katikati. Visomaji vya kawaida pia ni vya rangi nyeusi na nyeupe. Vipo vya rangi, Kobo na Amazon zote zilitoa vyao mwaka 2024, ila rangi zake zimepauka na bei imepanda. Hivyo kwa mwanafunzi anayehitaji vitabu vya sayansi, jiografia na hisabati, tabuleti ya kawaida ya inchi 10 inafaa zaidi. Kwa msomaji wa riwaya, wasifu na vitabu vya dini, kisomaji ni bora.

Kipo pia kisomaji cha namna ya tatu, chenye wino wa kielektroniki lakini kinachotumia mfumo wa Android, kama vile Boox kutoka China. Hicho huweza kupokea programu za maduka mbalimbali, kama simu. Ni ghali kuliko Kindle ya kawaida, na betri yake huisha mapema zaidi.

Kuhusu bei, Kindle ya kawaida ilipotolewa Oktoba 2024 iliuzwa Marekani kwa takribani dola 110, tena ile yenye matangazo kwenye kioo ikiwa imelala. Ikifika Kenya kuna nauli, ushuru na faida ya muuzaji. Linganisha wauzaji wawili watatu wa Nairobi kabla ya kutuma pesa, na uliza kuhusu dhamana kwa maandishi.

Ukinunua cha mtumba, tahadhari. Jambo hili lilinipata mwenyewe. Nilinunua kisomaji kilichotumika katika duka moja la Nairobi, kisafi kabisa, kwa nusu ya bei. Nilipofika Nyeri na kujaribu kukisajili, kilikataa: mmiliki wa kwanza alikuwa ameripoti kwamba kilipotea. Aliyeniuzia hakupokea simu tena. Siku hizi siondoki dukani kabla kifaa hakijasajiliwa kwa akaunti yangu mbele ya muuzaji, na kitabu kimoja cha bure kikafunguka. Inachukua dakika kumi na hotspoti ya simu.

Kwa macho yaliyochoka na yasiyoona

Sehemu hii haizungumzwi vya kutosha. Kwa mzee ambaye miwani haimtoshi tena, au mtoto mwenye uoni hafifu, kitabu cha EPUB kinaweza kuwa mlango wa kurudi kwenye kusoma. Herufi hukuzwa hadi maneno matano kwa mstari. Simu za Android zina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti. PDF iliyo picha tupu haisomeki kwa sauti wala haipangiki upya, na ile iliyogeuzwa maandishi kwa haraka hupoteza alama za herufi za Gĩkũyũ. Bila ĩ na ũ, maneno mengi hugeuka mengine. Kwa hiyo kwa msomaji wa namna hii, uliza muundo kabla ya kuuliza bei. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa katika miundo inayofikika kwa wasioona bila kuhesabiwa kuwa ni kuvunja hakimiliki. Walimu wa shule zenye wanafunzi hao wanapaswa kuufahamu.

Na asiye na simu wala tabuleti asijione ameachwa nje. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Maktaba ya umma mjini Nyeri iko wazi kwa mkazi yeyote, na majirani wetu wa Nanyuki, Embu, Meru na Murang'a wana zao. Ingia, keti, soma.

Tulivyomalizana na Mwalimu

Tuliketi naye karibu saa nzima. Programu ya muuzaji wa Kenya tuliiweka kwenye simu ya mjukuu, na kitabu kikalipiwa kwa M-Pesa ya babu. Akaunti ilifunguliwa kwa jina la Mwalimu, ili mdogo wa kijana huyo atakapohitaji vitabu vya hapo, viwe bado ndani ya familia. Nenosiri aliliandika nyuma ya kalenda, nami sikumkatalia, kwa kuwa kalenda yake haitoki nyumbani.

Kisomaji alibaki nacho. Tulikijaza riwaya za zamani za Kiingereza za bure alizokuwa akizifundisha enzi zake, tukakuza herufi hadi akatabasamu. Kile alichokitamani zaidi kilitushinda. Alikuwa akikumbuka vijitabu vya Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi aliyekuwa na kiwanda chake cha uchapishaji pale Karatina, na ambaye mwaka 1984 alitunukiwa Tuzo ya Noma kwa shajara yake ya miaka ya kizuizini. Hatukupata duka lililotuuzia vijitabu hivyo kwa faili. Mwalimu alisema anajua mtu mmoja huko kwao mwenye sanduku la vitabu vya zamani chini ya kitanda, na kwamba angepitia kwake akienda nyumbani, kabla panya hawajafika.